Kofia ya Mtani

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na gulio lao, kituo chao cha polisi na mboga zao za kuuza, aliishi Pimbi, mama wa watoto wanne. Kaeni vizuri, na anayetaka maji ayanywe sasa, maana sirudii.

Pimbi alikuwa mfupi, mnene, na hakuwa na mkia. Siku mikia ilipogawiwa kulikuwa na manyunyu, akaona uvivu kutoka, akaagiza aletewe. Mpaka leo anasubiri. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe gulioni, wateja wakacheka, wakanunua mchicha zaidi.

Siku moja alitandika mchicha wake karibu na njia. Tuseme ukweli, aliutandika njiani kabisa. Akapita Koplo Kiboko, askari, kofia kichwani, buti pwaa, pwaa, juu ya mafungu. Alikuwa na haki ya kumwambia asogee. Badala yake alimwambia, "Toka hapa, gunia la pumba lisilo na mkia!"

Gulio zima lilisikia. Watoto wa Pimbi nao walisikia, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Jioni alipomtuma mkubwa kuchota maji, alijibiwa kwamba gunia halitumi mtu. Alipomwita wa pili, wote wanne wakaangua kicheko. Haukupita muda Pimbi akawa anachota maji mwenyewe, anapasua kuni mwenyewe, anaosha vyombo mwenyewe.

"Kujicheka najua," akamwambia jirani yake Nungunungu. "Lakini nyumba haiendeshwi na gunia."

Nungunungu alimshauri arudishe tusi. Pimbi akasema akimtukana askari atalala mahabusu na mchicha utanyauka. Basi anyamaze, akashauri Nungunungu. Pimbi akasema kunyamaza ameshajaribu, na mgongo unamuuma. Ikabaki njia moja: kwenda kwa mkubwa wa Kiboko.

Mkuu wa kituo alikuwa Afande Tembo. Alimsikiliza Pimbi mpaka mwisho, akamwita Kiboko, akamuuliza kama alisema maneno yale. Kiboko hakukana. Alicheka tu.

"Afande, huu ni utani. Sisi watu wa mtoni na hawa wa majabalini ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hatukani, anatania."

Tembo akakuna sikio. Ni kweli, mtani anaweza kukuambia lolote na kukuchukulia chochote, hata msibani, nawe ukikasirika unachekwa. Mtani hashtakiwi. Akamwambia Pimbi kwamba kesi haipo.

Pimbi akatazama miguu yake mifupi. "Ni kweli, afande. Mimi na akili zangu za kuagiza mkia, nilisahau kabisa kwamba huyu ni mtani wangu. Nisamehe, mtani."

Kiboko akatabasamu. Pimbi akapanda kwenye benchi, kutoka kwenye benchi akapanda mezani, akainyakua kofia ya Kiboko na kuivaa. Ikamfunika mpaka kidevuni.

"Mtani," sauti ikatoka ndani ya kofia, "hii naenda kuoteshea mchicha. Usijali kubaki kichwa wazi. Kichwa chenyewe hakina cha kuibiwa."

Askari wawili waliokuwa mlangoni wakacheka. Kiboko akaacha kutabasamu, akasema airudishe. Pimbi akamuuliza tangu lini mtani akarudisha kitu. Kisha akaongeza kwamba alipoliona tumbo lile kwa mara ya kwanza, alidhani kituo kimehamishwa.

Kiboko akapiga meza, puu. "Mtani wako nani? Mimi sijawahi kuwa na utani na kigunia kama wewe! Afande, mweke ndani, amemtukana askari!"

Pimbi akavua kofia, akaipangusa vumbi, akaiweka mbele ya Tembo.

"Umesikia, afande. Kama leo si watani, hata siku ile gulioni hatukuwa watani."

Kiboko akafungua mdomo, na mdomo wa Kiboko mnaujua ulivyo, lakini Tembo aliwahi kuinua mkonga kumzuia.

Tembo akaamuru radhi iombwe palepale tusi lilipotupwa, mbele ya walewale waliolisikia. Siku ya gulio Kiboko akasimama mbele ya mafungu ya mchicha, kofia mkononi, akamwomba radhi Mama Pimbi kwa jina lake, kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza samaki. Watoto wanne walikuwa wamesimamishwa mstari wa mbele. Mama yao ndiye aliyewasimamisha.

Pimbi akapokea radhi. Kisha akausogeza mchicha wake kutoka njiani, maana kosa hilo lilikuwa lake.

Jioni akasema maji yameisha. Hakutaja jina la mtu. Ndoo nne zikatoka mlangoni kwa pamoja, naye akakaa chini, akakaa vizuri kabisa, kwa kuwa hana mkia wa kuukalia.

Mnaokwenda kulala nendeni na hili: anayekutukana kisha akasema ni utani, nawe mtanie; asipocheka, basi lilikuwa tusi.