Zimebaki Tatu

Tulieni kidogo, ndugu zangu, na yule anayechezea simu aiweke mfukoni. Kulikuwa na fundi mmoja wa mafriji aliyefiwa na mkewe. Nyumbani alibaki na binti yake wa miaka kumi na sita. Tangu siku waliyomzika mama, maneno yalipungua mle ndani mpaka yakabaki ya lazima tu: shikamoo, marahaba, chakula tayari. Hawakugombana. Kila mmoja alikuwa na uchungu wake, na hakuna aliyejua pa kuanzia.

Jumatatu moja binti akasimama mlangoni pa karakana, akifuta mikono kwenye kanga. Akasema, "Baba, Jumamosi kuna muvi ukumbini. Wanasema ndiyo ya mwisho. Twende wote?"

Fundi alifurahi mpaka bisibisi ikamponyoka. Akasema twende. Na angeishia hapo, mfano huu nisingekuwa nao.

Ila yule bwana alikuwa na ugonjwa tulio nao wengi humu. Hakutaka kukaa mahali asipoelewa, sembuse mbele ya mtoto wake. Baba mzima amnong'oneze binti, yule anayeruka ni nani, na huyu analia nini? Kwani angekufa akiuliza? Basi akaenda kwa kijana wa duka la muvi, akaeleza shida yake. Kijana akamtazama kwa huruma.

"Mzee, ile huwezi kuingia hivi hivi. Utakaa pale kama mtu aliyefika msibani hajui nani kafa. Zimetangulia ishirini na mbili, na zote zinashikana. Halafu majina yakianza kupanda mwishoni usinyanyuke, maana kuna kipande kidogo kinakuja baadaye, na hicho ndicho kinachokupeleka kwenye inayofuata."

Akamwingizia zote kwenye flashi, zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Fundi akarudi karakanani, akafunga dirisha, akakaa kwenye kigoda katikati ya mafriji yaliyo wazi, akawasha kitelevisheni chake.

Za mwanzo zilikwenda vizuri. Kulikuwa na mtu anayekunja chuma kwa mikono, na mwanamke anayesimamisha mvua, na adui ambaye kila akifa anaibuka kwingine na jina jipya. Mtafsiri alikuwa na sauti ya mkwaruzo, na kama mjuavyo watafsiri wa muvi, chumvi haikukosekana. Walichosema Wazungu anakisema, na walichosahau kusema anawasaidia.

Kwenye ya tisa, mtafsiri akasema, "Stelingi wetu huyo, kakaa katikati ya mafriji." Fundi akacheka. Kwenye picha hapakuwa na friji hata moja.

Kwenye ya kumi na nne mtu wa chuma alikuwa anapigana juu ya paa, lakini mtafsiri akaacha vita vile, akasema taratibu, "Binti yuko mlangoni na sahani. Anagonga, mzee hasikii." Fundi akapunguza sauti. Kweli mlango ulikuwa unagongwa. Hata hivyo hakufungua. Akaita tu kwamba aiweke sahani hapo chini, zimebaki nane. Na kabla hajaongeza sauti, akamsikia yule wa kwenye muvi akirudia pole pole, "Kasema zimebaki nane."

Ndugu zangu, mimi na wewe tungekimbia, sivyo? Ndivyo tunavyojidanganya. Fundi alijiambia ni uchovu. Alishatoka mbali mno, na mtu aliyekwisha vuka kumi na nne ataacha vipi nane?

Kwenye ya kumi na tisa mtafsiri akasema, "Jumamosi imefika. Amevaa gauni la kijani, lile alilolishona mama yake." Mlango ukagongwa.

"Baba, tunachelewa."

"Nivumilie kidogo, mwanangu. Nikimaliza hii zimebaki tatu. Nataka nije naelewa."

Kisha akasikia kandambili zikiondoka, polepole, mpaka getini. Alitamani kumwita. Akaanzisha ya ishirini, na kuanzia pale mtafsiri hakutafsiri tena. Watu walifungua midomo, majumba yalianguka, na yeye hakusema neno. Ilisikika pumzi yake tu, karibu sana, kama ya mtu anayesubiri. Muvi tatu nzima zikaenda hivyo.

Ya ishirini na mbili ikaisha. Majina yakapanda. Fundi hakunyanyuka, kama alivyoelekezwa. Kikaja kile kipande kidogo. Kilikuwa ni mlango. Rangi ya bluu, imebanduka upande wa kitasa. Ulikuwa mlango wa karakana yake, unaonekana kwa ndani. Na ile sauti ya mkwaruzo ikasema kwa upole, "Haya, mzee, sasa fungua."

Akafungua. Nje ulikuwa mchana wa jua kali. Mbele ya kizingiti zilikuwa sahani, nyingi, moja juu ya nyingine, mvua imezipauza na majani yameota kati yake. Nyumba ilikuwa na bati jipya. Uani, mahali pa kuanikia nguo, palisimama mpapai mrefu asioupanda yeye. Chini yake mwanamke mwenye mvi alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele.

Mwanamke akainua macho. "Shikamoo, baba."

Alimjua kwa sauti. Akashika fremu ya mlango. Akasema neno alilokuwa nalo tayari, "Nimezimaliza, mwanangu. Sasa twende. Uniulize chochote."

"Ile niliiona, baba. Peke yangu. Sikuelewa kitu."

"Hukuelewa vipi? Wewe si uliziona za nyuma?"

Binti akatikisa kichwa. "Sikuona hata moja. Wenzangu shuleni walikuwa wanasimuliana, mimi nimekaa pembeni. Nikasema nikienda na baba, tutakuwa wawili tusioelewa. Tutaulizana."

Fundi alitaka kumwuliza ameolewa na nani, ana watoto wangapi, ni nani alimshika mkono siku zile ngumu. Yaliyompita yalikuwa mengi mno, na hayo hakuna duka linaloyauza.

Sasa tusimcheke, maana ni sisi. Tunapita mbali na nyumba ya mgonjwa kwa sababu hatujui tutasema nini. Tunakaa miaka hatujasali, eti mpaka tujue kusali vizuri. Jirani kafiwa, sisi tunauliza kwanza walikuwa wanaelewana vipi na marehemu. Mtoto anakuja na kajambo kake kadogo, tunamwambia ngoja. Tunadhani watu wanatuhitaji tukiwa tumehitimu. Nani kakwambia? Hata Mungu unayemwogopa, ni lini alikuuliza umefika ya ngapi? Anakwambia kaa. Na mimi ninayesema haya nina kaka yangu mjini, hatujazungumza tangu msiba wa baba. Kila mwaka nasema nitaenda nikishajua hasa nani alimkosea nani. Naumia kulisema hapa madhabahuni, lakini ndivyo.

Mahubiri yangu ya leo yalikuwa na sehemu nne, na hii ndiyo ya kwanza. Zimebaki tatu. Naziacha. Msinisubiri mlangoni kunipa mkono, mimi mwenyewe naelekea stendi. Kuna mtu anakusubiri. Nenda ukakae naye, hivyo hivyo usivyoelewa.