Koki ya Kwa Mkunga

Wahenga walijua kwamba kazi ya kutafuta haina likizo: mtu hupumzika siku anayokishika alichokifuata. Fundi bomba mmoja mstaafu, mgane wa elimu ya darasa la tatu, alilijua hilo kwa jasho lake.

Mtaa wao uliitwa Kwa Mkunga, kwa heshima ya mama mkwe wake, aliyezalisha nusu ya watu wa pale. Mkewe, kabla hajakata kauli, alimshika mkono akasema, "Baba watoto, usiache wamfute mama." Haukupita mwaka, wakubwa wa halmashauri wakaamua mtaa uitwe Kitalu cha Saba. Wakubwa wakikosea hawaiti kosa, huita mpango.

"Jina lisilo na karatasi ni uvumi tu, mzee," ofisa wa majina ya mitaa alimwambia bila kuinua macho. "Lete maandishi kabla ya mwisho wa mwezi. Vibao vinachorwa."

"Hao wachoraji wako wenyewe walipokewa na mikono ya mkunga huyo," fundi alijibu, akatoka kifua mbele.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi alikuwa mlangoni pa nyumba ya kumbukumbu ya mkoa kabla kufuli halijafunguliwa. Alinawa mikono, akaacha kalamu ya wino mapokezini kama sheria ilivyotaka, akapewa jalada moja moja. Alisoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayetoa mwiba. Ramani za ardhi, kapa. Barua za wakuu wa wilaya, kapa. Wakubwa wa zamani nao waliandikiana wenyewe kwa wenyewe.

"Baba, leo siku ya kumi na tisa," binti mtunza kumbukumbu alimtania. "Tukuwekee kitanda humu?"

"Kiweke, mwanangu, ila kisiwe dirishani. Nina kikohozi."

Siku ya ishirini na mbili rafu ya ardhi ikaisha. "Baba, umefanya lako," binti yule alisema kwa huruma. "Nenda kapumzike."

Fundi akainuka, magoti yakimlia. Pale pa kunawia bomba lilikuwa likivuja.

"Koki ya kufungia iko wapi?" aliuliza kwa mazoea, kisha akaganda kama aliyepigwa nyundo. Mafundi bomba hawajui vitalu! Koki huandikwa kwa jina ambalo watu wanaliita pale ilipo, la sivyo bomba likipasuka hakuna ajuaye pa kukimbilia.

"Mwanangu, siku zote nimewauliza wakubwa wenye viti. Nipe madaftari ya maji!"

"Hayo hayajaombwa na mtu tangu niajiriwe."

"Ndiyo maana ukweli umebaki humo."

Daftari la tatu lilimtoa machozi: "Koki kuu, Kwa Mkunga, mbele ya nyumba ya mzalishaji." Liliandikwa miaka arobaini na tano nyuma, na muhuri wa serikali juu yake.

Ofisa wa majina alisoma nakala mara mbili, akisaka kasoro. "Hii si ya ardhi, ni ya idara ya maji," alisema akijikohoza.

"Na muhuri ni wa nani? Wa mbinguni?"

Ofisa akatia saini.

Siku ya kusimika kibao cha Kwa Mkunga, fundi alikaza nati ya mwisho kwa spana yake mwenyewe. "Mama watoto," alinong'ona, "hawajamfuta." Ama kweli, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.