Kipimo cha Fundi Ambokile

Kipimo nacho hupimwa. Mmeyasikia maneno hayo karakanani leo, vijana, mkauliza yametoka wapi, maana mnavyojua nyinyi kipimo ni cha kupimia, si cha kupimwa. Methali hiyo ina mwanzo wake, na mwanzo wenyewe ni huu.

Katika kiwanda kimoja cha chai, huko kwenye milima ya Rungwe, alikuwapo fundi umeme aliyeitwa Ambokile. Kazi yake ilikuwa kukagua mashine zisije zikawapiga watu shoti. Kila mashine ina waya wa ardhi, unaouteremsha chini umeme uliopotea njia ili usimpate mtu. Ambokile alikuwa na kipimo cha kuuchunguza waya huo. Mshale ukilala upande wa kijani, waya ni mzima. Alikuwa mtu makini. Hakuruka mashine hata moja, wala hakukagua kwa macho tu kama wafanyavyo wavivu. Watu walimwamini, naye alikiamini kipimo chake.

Msimu mmoja wa mvua nyingi, mama aliyeitwa Tumpe, mamake Lusajo, aliyesimamia mashine ya kusokota majani, alimfuata.

"Fundi, mashine yangu inanitekenya vidole. Nikiwa na maji mikononi inazidi."

Ambokile akaenda, akapima. Kijani. Akapima tena. Kijani.

"Mama Lusajo, mashine ni nzima," alisema. "Huenda ni baridi tu ya asubuhi."

Tumpe aliitazama mashine kwa muda. "Haya, maadamu umesema wewe," akajibu, akarudi kazini.

Jua halijafika utosini, umeme ukamrusha. Wenzake walimkuta sakafuni, hasemi, kiganja kimeungua. Walimkimbiza hospitali, akapona, lakini vidole vya mkono wake wa kulia havikukunjika tena kama zamani.

Ambokile alikwenda kumjulia hali akiwa amejiandaa kwa lawama. Tumpe hakumlaumu. Alisema tu, "Nilirudi kwa sababu ulisema ni nzima."

Maneno hayo yalimchoma kuliko tusi. Alirudi kiwandani, akaifungua mashine, akaukuta waya wa ardhi umeliwa na kutu hadi umekatika. Akaupima. Mshale ukalala kijani. Akaziinua ncha za kipimo hewani, hazijagusa kitu chochote, na mshale ukabaki pale pale kwenye kijani. Baadaye aligundua kwamba joto la tanuri la kukaushia chai lilikuwa limeyeyusha ngozi ya nyaya za kipimo, zikagusana zenyewe kwa ndani. Kwa hiyo kilisema "nzima" kwa kila kitu, hata kwa hewa tupu.

Akaenda moja kwa moja kwa meneja, Bwana Mwaipopo.

"Bwana Meneja, naomba tuzime mashine."

"Ipi?"

"Zote."

"Majani ya leo yako sakafuni, Ambokile. Yataharibika. Na wewe si umezipima mashine zote juzi?"

"Nimezipima kwa kipimo hiki, na hiki ni kibovu. Kiliharibika lini, sijui. Kwa hiyo sijui mashine ipi ni nzima na ipi inamngoja mtu."

"Wakulima watakuja hapa. Niwaambie nini?"

"Waambie ni fundi. Nitasimama mwenyewe mbele yao."

Meneja akanyanyuka, akaenda kuzima swichi kuu kwa mkono wake. Kiwanda kikatulia, majani yakachacha na kutupwa, wakulima wakanung'unika. Ambokile aliazima kipimo kingine kwa mafundi wa mjini, akarudia kazi yote upya. Alikuta mashine mbili zaidi ambazo waya wake wa ardhi ulikuwa umekufa, na zote alikuwa amezipitisha.

Tangu hapo hakuanza kazi kabla ya kukijaribu kipimo kwanza kwenye waya aliojua ni mzima, kisha kwenye waya aliokuwa ameukata mwenyewe. Kikishindwa kuzitofautisha, hakitoki karakanani siku hiyo. Na kila mwaka alikipeleka mjini kikalinganishwa na kingine kilicho sahihi zaidi. Waajiriwa wapya walimcheka, wakasema mzee anapoteza muda.

Hata Tumpe aliporudi kazini, alisimama mbele ya mashine yake, mikono nyuma.

"Umeipima, Fundi?"

"Nimeipima, Mama Lusajo."

"Na kipimo?"

"Nacho nimekipima."

Ndipo akanyoosha ule mkono wenye kovu, akaishika mashine. Wale waliokuwa wakicheka wakaacha.

Akina mama wengine nao wakawa wanauliza vivyo hivyo kila asubuhi kabla ya kugusa chochote. Maneno yakavuka geti, yakafika kwenye mizani ya kununulia majani, kisha barazani, ambako mtu aliyezoea kuwahukumu wenzake aliambiwa kwa upole kwamba kipimo nacho hupimwa.