Jogoo wa Mzee Mihayo

Atembezaye jogoo sokoni asiulize nani kahesabu manyoya.

Mmelisikia jana kikaoni, mkacheka, na leo mmekuja kuuliza lilizaliwa wapi. Mlidhani ni neno la mabibi wa zamani. Sivyo. Mbegu yake ina siku na saa: Jumamosi, tarehe kumi na nne Machi, saa kumi kamili alasiri, Tabora, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Siku hiyo ndipo kila kitu kilipoharibika, na kesho yake neno likatamkwa. Kaeni basi, niwaeleze ilivyokuwa.

Mzee Mihayo Kasele alikuwa mfagiaji wa uwanja wa mpira wa kikapu wa wafanyakazi wa reli. Shule aliishia darasa la nne, lakini kikapu alikijua, maana mtu hawezi kufagia uwanja miaka ishirini na sita asijue kinachochezwa juu yake. Alipostaafu, mkewe Bi Nyanzobe akamwingiza kwenye mchezo wa mtandaoni uitwao Kikapu Dunia. Humo hakuna anayerusha mpira kwa mkono. Kila mtu ana klabu yake ya wachezaji wa kubuni. Anawafundisha, anawapanga, na kompyuta ndiyo inayochezesha mechi. Juu ya klabu zipo timu za taifa. Wenye klabu wa nchi moja hupiga kura kumchagua meneja wa taifa, naye huita wachezaji kutoka klabu za wenzake.

Penye kura pana bwana mkubwa, na penye bwana mkubwa Mzee Mihayo alilala na jicho moja wazi. Msimlaumu. Bi Nyanzobe alikufia kwenye benchi la hospitali, wakubwa wakipita na kurudi na kumwambia mumewe, "Subiri, mzee, subiri." Alisubiri mpaka mkono wa mkewe ukapoa ndani ya mkono wake. Tangu hapo, yeyote aliyemwambia subiri alimweka kundi moja na wale.

Kabla hajafa, mama huyo alikuwa amemchagua kijana mmoja kati ya vijana wa klabu yao, mwenye miaka kumi na minane na urefu wa kufungulia mlango kwa kipaji cha uso. Jina alilopewa na kompyuta ni Elipokea Mwasongwe, jina la Mpare na ubini wa Mnyakyusa, maana kompyuta haijui kwao mtu. Bi Nyanzobe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Kisha akasema, "Huyu atatufikisha Kombe la Dunia. Usiniulize nimejuaje."

Katika mchezo ule mwaka wa mchezaji ni miezi mitatu yetu. Elipokea alipanda, akaitwa taifa, akawa senta wa kutegemewa chini ya kikapu. Bi Nyanzobe akazikwa. Elipokea akafika miaka thelathini na mitatu, magoti yakaanza kupungua nguvu, na Tanzania ikabakiwa na mechi moja tu ya kuingia Kombe la Dunia, dhidi ya Angola. Wakikosa mara hii, kombe lijalo Elipokea atakuwa amestaafu, na neno la marehemu litakuwa limeanguka chini. Mzee Mihayo hakuwa na mtoto. Neno lile ndilo alilobaki nalo.

Meneja wa taifa aliitwa Deusdedit Rwegoshora, mtu wa ofisini, mwenye Kiswahili cha kupigwa pasi. Misimu miwili kabla ya mechi hiyo alimwandikia mzee: "Mzee wangu, mfundishe Elipokea kutupa mipira ya mbali. Waangola watamsubiri chini ya kikapu, sisi tutamtoa nje awapige pointi tatu tatu. Hii ni siri ya watu watatu: wewe, mimi, na msaidizi wangu Salha. Subiri uone."

Subiri tena! Mzee alitema mate chini, lakini akafundisha. Kiwango cha mchezaji hakionekani kwa watu. Anakiona mwenye klabu na meneja wa taifa lake, basi. Kila Alhamisi mzee aliangalia tarakimu ya mitupo ya mbali ikipanda, akamwambia ukuta, "Mama, kijana wako anajifunza."

Basi ikafika Jumamosi ile. Mechi ikaanza, maandishi yakawa yanashuka kwenye simu, naye akiyasoma kwa kidole. Mwasongwe anatupa kutoka mbali, amezibwa. Mwasongwe anatupa, amezibwa. Angola hawakuweka mtu hata mmoja chini ya kikapu kumsubiri. Wote walikuwa nje, kama waliokaribishwa. Mitupo kumi na saba, ikaingia miwili. Tanzania ikafungwa kwa pointi thelathini na moja.

Mzee aliizima simu, akaiwasha, akaizima tena. Kisha akaandika kwenye kundi la WhatsApp la timu, herufi zote kubwa: TUMEUZWA. SIRI ILIKUWA YA WATU WATATU. MIMI SIKUSEMA. WAKUBWA SEMENI NYIE.

Kundi likawaka. Wengine walimwambia mzee ale, alale, ni mchezo tu. Wengine, waliokuwa na vinyongo vyao na meneja tangu uchaguzi, wakaongeza kuni. Kesho yake baada ya chakula cha mchana Rwegoshora akapiga simu ya pamoja, yeye, Salha na mzee.

"Mzee Mihayo, shikamoo."

"Marahaba ya nini? Sema bei uliyoniuzia."

"Mzee wangu, punguza jazba kidogo, subiri nikuele..."

"Ishia hapo! Neno hilo nimelisikia kwa wenye makoti meupe, leo nalisikia kwako. Nyie wakubwa mmesomea chuo kimoja?"

Salha alikuwa binti wa Tanga, mpole wa sauti, kazi yake kwenye timu kuchambua wapinzani. Akaingia kati.

"Babu, naomba nikuulize kitu kimoja. Usinikasirikie."

"Uliza. Wewe bado hujawa mkubwa."

"Ijumaa Elipokea alikuwa wapi?"

"Kwangu. Angekuwa wapi?"

"Alikuwa sokoni, Babu. Na Ijumaa ya nyuma yake. Nimefungua historia ya soko. Kila Ijumaa, misimu yote miwili."



Ni kweli. Ilikuwa desturi ya mkewe. Baba yake Bi Nyanzobe, enzi zake huko Urambo, alikuwa na jogoo mwekundu ambaye kila siku ya gulio alimkumbatia na kumtembeza sokoni. Hakuwa wa kuuzwa. Alitaka tu watu waulize bei, naye ataje bei ya ng'ombe, wacheke, wamsifu ndege. Bi Nyanzobe akahamishia mtindo huo kwenye mchezo. Kila Ijumaa alimweka Elipokea sokoni kwa bei isiyowezwa na klabu yoyote duniani, kisha wakakaa wawili kuhesabu wangapi wamemwekea alama ya kumtamani. "Mtembeze jogoo," angesema akimimina chai, "tuone leo wanammezea mate wangapi."

Alipokufa, mzee aliendelea. Wale wa kuweka alama ndio waliokuwa wageni wake. Wengine wote walikuwa wameshamaliza kuja kutoa pole.

"Bei ile hakuna anayeiweza," akasema. "Hakuwa wa kuuzwa."

"Najua, Babu. Lakini mchezaji akiwekwa sokoni, ukurasa wake unafunguka. Vyote vinaonekana, na mitupo ya mbali imo."

"Mimi nilikuwa nahesabu alama tu. Hayo mengine sikuyaangalia."

"Mwezi uliopita uliandika kundini mwenyewe. Nikusomee? 'Jogoo wangu wiki hii ana alama mia mbili na kumi na mbili, bendera za Angola peke yake ni kumi na tisa, hata wao wanamtamani.'"

Rwegoshora hakucheka. Hilo, kwa haki yake, tumpe. Angeweza.

Mzee aliliona benchi la hospitali. Akamwona baba mkwe na jogoo wake mwekundu, yule aliyeibwa mwishowe na mtu aliyemuulizia bei mara nne na kujua mpaka kucha ipi imekatika. Miaka miwili alikuwa akitafuta mkono wa mkubwa kwenye kila hasara yake, na kwenye hii ameukuta wake.

"Basi," akasema, sauti imeshuka. "Kosa ni langu. Atembezaye jogoo sokoni asiulize nani kahesabu manyoya."

Salha ndiye aliyeliandika neno hilo kundini jioni ile, bila kumtaja mzee. Likatoka kwenye mchezo, likaingia vijiweni, likaingia vikaoni, mpaka likawafikia ninyi. Ukiona mtu anatangaza biashara yake, ndoa yake, safari yake, kisha analia kwamba amerogwa au amesalitiwa, mwambie hilo.

Lakini msiondoke bado. Simu haikuwa imekatwa.

"Kocha," mzee akasema, na mara hii alimwita kocha bila kejeli. "Yule mlinzi mdogo, Sifael, hajawahi kuanza mechi ya taifa. Ulimwingiza lini?"

"Dakika tano kabla ya mechi, mzee. Nilimwambia Salha tu."

"Sifael hajawahi kukanyaga soko. Nimeangalia sasa hivi."

"Ndiyo."

"Na mchezo unaonyesha saa ambayo kila timu imefunga kikosi chake. Mimi nasoma polepole, lakini saa naisoma. Sisi tumefunga saa tisa na dakika hamsini na tano, na majina hayaonekani mpaka mechi ianze. Angola wamebadilisha saa tisa na hamsini na saba. Wamemtoa mlinzi wao wa kila siku, wakamweka mbwa wao mkali wa kumkaba Sifael."

Mzee akaendelea.

"Manyoya ya jogoo nimewahesabia mimi, nimekubali, na nitakwenda kaburini kwa Nyanzobe nimwombe radhi. Atembezaye jogoo sokoni asiulize. Ila huyu wa pili hakutembezwa. Alikuwa tunduni, na funguo mnazo wawili. Tundu lilifunguliwa na nani?"

"Mtandao unasumbua," mmoja wao akasema, na simu ikakatika. Mpaka leo mzee huapa kwamba, kwa mikwaruzo ya simu, hakuitambua sauti ilikuwa ya nani.