Jibu la Kuazima Halishuki Mlima

Jibu la kuazima halishuki mlima. Mmeisikia methali hiyo leo hapa uwanjani, mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Kaeni basi, maana chanzo chake hakichekeshi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na kijana wa Ilundo aitwaye Lukelo Mgongolwa. Alikuwa utingo wa malori ya mbao tangu ndevu hazijamwota: kufunga kamba, kuweka gogo nyuma ya tairi, kuosha gari, kutumwa huku na huku. Dereva wake alikuwa mchoyo wa maneno, hakumfundisha kitu. Alichojua Lukelo alikijua kwa kuchungulia, na mwenye kuchungulia huona nusu.

Hamu yake ilikuwa moja tu, kushika usukani. Leseni ya magari makubwa ilitaka mitihani miwili, kwanza wa nadharia, wa kukaa chini na kalamu, kisha wa barabarani. Wa barabarani hakuuogopa. Ule wa kalamu ndio uliomkera.

"Gari huendeshwa kwa mikono na miguu," alizoea kusema. "Kalamu waachieni makarani."

Sasa sikieni ujanja wa watu wa uwanja wa malori wa Ilundo. Karatasi ya mtihani ilikuwa ile ile miaka nenda miaka rudi, na kila swali lilikuwa na majibu manne, A mpaka D, uchague moja. Basi madereva wakayageuza majibu yakawa sentensi. Mstari wa kwanza ulikuwa huu: "Baba amechinja dume, bibi anadai chakula." Herufi ya kwanza ya kila neno ndiyo jibu: swali la kwanza B, la pili A, la tatu D, hivyo hivyo mpaka la sita. Mistari mingine ilifuata, na mmoja una matusi, sitausema mbele yenu. Mtu aliiimba huku akifunga kamba, akaenda akaweka alama zake, akarudi amefaulu. Maswali hakuna aliyejisumbua kuyasoma.

Kitabu cha nadharia Lukelo alikuwa nacho, kipya, hakijakunjwa hata ukurasa. Baba yake, Mzee Mgongolwa, hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa chochote, hata maandishi ya mfuko wa mbolea. Jioni moja akavuta kigoda karibu na mwanawe.

"Nisomee hicho cha magari, nami nisikie."

"Ah, baba, haya mambo hutayaelewa."

Mzee akarudisha kigoda chake. Wala hakuudhika. Alidhani elimu ya mwanawe imekuwa kubwa kiasi hicho, akafurahi peke yake.

Lukelo akafanya mtihani, akapata yote. Wa barabarani nao akaupita, maana walimzungusha mjini na lori tupu, kwenye tambarare. Mzee Mgongolwa aliibeba habari ile kama mtu aliyeuza ng'ombe kwa bei nzuri. Kanisani akasema, kilabuni akasema: "Hakukosa hata moja! Hata moja!" Na siku Lukelo alipopewa lori la kwanza, lenye shehena ya mbao, mzee akavaa koti lake la sikukuu, akatia viazi kwenye kikapu, akasema naye anakwenda. Dada yake aliolewa huko bondeni, ng'ambo ya Mlima Idunda, na mzee hakuwa amemwona kwa muda mrefu kwa kuogopa mteremko ule.

Mkewe, Mama Lukelo, akamwuliza, "Leo huogopi?"

"Niogope nini, na anayeniendesha amefaulu?"

Walipofika juu ya Idunda wakakuta malori yenye mizigo yamesimama kando, moja nyuma ya jingine. Pale pana sehemu tambarare, na kina mama huchoma mahindi. Lukelo alipajua sana. Dereva wake kila safari alisimama pale, akamtuma mahindi, na Lukelo alikwenda akakaa na wachomaji, akapiga soga, akarudi safari ikaendelea. Hakuwahi hata siku moja kujiuliza dereva alikuwa akifanya nini nyuma yake. Kumbe dereva alikuwa akingoja breki zipoe, akizikagua, kisha akiingiza gia ndogo kabla lori halijaanza kushuka. Utingo alijua mahindi tu.

"Wenzako mbona wamesimama?" mzee akauliza.

"Wanakula, baba. Sisi si tumeshakula?"

Akapita. Akashuka na gia ile ile kubwa aliyopita nayo tambarare.

Kona ya kwanza akakanyaga breki, lori likatii. Ya pili likatii kwa shida. Mbao zikawa zinasukuma kutoka nyuma. Akawa anakanyaga, anaachia, anakanyaga, mpaka moshi ukaanza kupanda dirishani.

"Lukelo, kuna kitu kinaungua."

"Ni breki tu, baba. Zitapoa."

Hazikupoa. Alikanyaga mpaka mwisho wa mguu wake, lori halikusikia. Akatafuta gia ndogo. Gia ikalia, ikakataa kuingia, na ile ya mwanzo nayo ikawa imeshatoka. Sasa lori lilikuwa linakwenda lenyewe.

Mzee Mgongolwa akashika chuma cha mlango kwa mikono miwili. Hakupiga kelele. Alimwambia mwanawe taratibu, kama mtu anayemsaidia mtoto kukumbuka alikoacha jembe.

"Kitabu kinasemaje, mwanangu? Kumbuka tu. Wewe si ulipata yote?"

Lukelo akatafuta kichwani. Alikumbuka lile swali la sita, lenye picha ya lori mlimani. Picha aliiona. Jibu lake pia alilijua.

"Chakula," akasema.

"Unasema?"

"Chakula, baba. Bibi anadai chakula." Akaanza kulia huku ameng'ang'ania usukani.

Kona iliyofuata hawakuikata. Lori lilipiga ukingo wa mlima, mbao zikakata kamba zikaja mbele, upande aliokaa mzee. Wale madereva waliokuwa wakipoza breki juu ndio waliokimbia kuja kuzitoa, ubao mmoja mmoja. Lukelo alitolewa amevunjika mkono. Mzee Mgongolwa alikuwa ameshakwisha kabla hawajamfikia, koti la sikukuu mwilini.

Mahakamani walileta karatasi ya mtihani. Hakimu akaisoma kwa sauti swali la sita: kabla ya kushuka mteremko mrefu ukiwa na mzigo, utafanya nini? Na jibu la C: utasimama, utakagua breki, utaingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka.

"Hapa ulijibu sawasawa," hakimu akasema. "Ulijua. Kwa nini hukufanya?"

Huo ndio mtego ambao Lukelo alijitegea kwa mikono yake. Akisema alijua, amemuua baba yake kwa kupuuza. Akisema hakujua, basi leseni aliipata kwa udanganyifu, na ameua vile vile.

"Sikujua," akasema. "Ndiyo kwanza nalisikia leo hilo swali."

"Aliyejibu ni nani?"

Akatamka ule mstari wa baba na dume na bibi. Nyuma kabisa watu wawili watatu wakacheka, wakajizuia. Mama Lukelo alikuwa amekaa mbele. Alimsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akajifunika uso kwa khanga. Lukelo akafungwa.

Baada ya kesi ile maswali yakabadilishwa. Mtadhani watu walijifunza? Haukupita mwezi uwanja ukawa na mstari mpya, mtamu kuliko wa kwanza. Siku moja Mama Lukelo alipita hapo akitoka kumpelekea mfungwa wake chakula, akawakuta vijana wamekaa juu ya matairi wanauimba. Akasimama.

"Wanangu, swali la sita linauliza nini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mama, sisi tunalo jibu tu. Swali la nini?"

"Na jibu mmelipata wapi?"

"Tumeazima kwa wenzetu."

Akawatazama mmoja mmoja. Machozi yalikuwa yamemtoka, hakuyafuta.

"Mume wangu alipanda gari la jibu kama hilo," akasema. "Jibu la kuazima halishuki mlima."

Akaenda zake. Vijana hawakumjua ni nani, wakacheka, wakamwigiza sauti. Wakawa wanatupiana maneno yale kwa mzaha kila mmoja wao anapokwenda mtihani, kama nyinyi asubuhi hii. Mzaha uliisha siku mmoja wao, yule yule aliyesema swali la nini, alipofika Idunda na shehena ya mahindi, akapita pale wenzake waliposimama. Lori lake lilitolewa bondeni. Yeye walimzika huku Ilundo, na waliobeba jeneza ndio waliokuwa wamekaa naye juu ya matairi. Hakuna aliyeimba. Njiani mmoja wao akayasema maneno ya yule mama, polepole, na safari hii wote wakajua maana yake: jibu la kuazima halishuki mlima.