Gego la Dhahabu na Jani la Sale

Wapendwa, mkishakaa vizuri nina swali ambalo halimo kwenye masomo ya leo. Nani hapa anatafuna upande mmoja? Msiinue mikono, niliwaona kwenye chakula cha mavuno. Kuna mzee wa kanisa, simtaji, ameketi safu ya mbele, alikuwa anahamisha kipande cha nyama kutoka shavu hadi shavu kama mtu anayemtafutia mgeni kiti kisichovunjika. Chekeni tu. Leo nataka tuzungumze habari za jino.

Palikuwa na baba mmoja huku huku kwetu mlimani. Kihamba chake, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kilikuwa safi, migomba imenona, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mwenye neno. Posa ikija kwenye ukoo, anaitwa yeye aseme. Msiba ukiisha, anayetoa shukrani ni yeye. Mungu alimpa mdomo. Sasa ndani ya mdomo huo kulikuwa na gego la juu, upande wa kulia, ambalo zamani lilimtesa mpaka akalia mbele ya watoto wake. Akaenda mjini, akatibiwa mzizi. Wengi wenu mnajua inavyofanyika: jino linatobolewa, kinachouma ndani kinatolewa, mizizi inasafishwa, inazibwa, halafu jino linavishwa kofia. Yeye akachagua kofia ya rangi ya dhahabu. Aliporudi kwenye vikao akawa anacheka zaidi kidogo kuliko inavyotakiwa, ili watu waione.

Miaka ikapita. Binti yake wa kwanza, Mkunde, akapata mchumba, na siku ya kumuaga ikapangwa. Ni wakati wa maandalizi hayo jino lilipoanza. Mwanzoni liliuma kwa mbali, akinywa chai ya moto. Baadaye likawa linauma lenyewe, bila chai wala chochote, na shavu likavimba.

Mke wake akamwambia, "Baba Mkunde, hilo ni lile gego lako la dhahabu."

"Lile haliwezi kuuma. Lile lilishauawa, nililiona likiuawa kwa macho yangu."

"Uliliona kwa macho yapi, wakati ulikuwa umeyafumba?"

"Mke wangu, kitu kilichokufa hakiumi. Linalouma ni hili la jirani."

Hebu niambieni, hoja hiyo ina kasoro gani? Jino moja limetibiwa, limezibwa, lina kofia ya dhahabu. Pembeni yake kuna jino lingine ambalo halijawahi kuguswa na daktari yeyote. Nani kati yetu angelishuku lile la dhahabu? Basi siku ya soko akaenda kwa fundi mmoja wa kung'oa meno, akafungua kinywa, akaweka kidole juu ya lile la jirani na kusema, "Toa hili."

Fundi akalitikisa. "Mzee, mbona limesimama imara?"

"Nimesema toa."

Likatolewa. Lilitoka kwa shida kubwa, kwa sababu lilikuwa zima. Fundi aliliweka kwenye pamba, jeupe, na yule baba akarudi nyumbani akiwa na amani. Alimeza dawa za maumivu, akalala, akaamka akamwambia mke wake, "Unaona?"

Naomba tumwache hapo alale, kwa maana sijawaambia habari za mdogo wake.

Baba huyu alikuwa na mdogo wake tumbo moja, wamepakana vihamba. Zamani waligombana. Kwa wageni mliotutembelea leo nieleze kidogo: sisi huku tuna mmea unaitwa sale, wenye majani marefu. Tunaupanda mpakani, na mpaka wenye sale hausogezwi. Tunaupanda kaburini pia. Na ukimkosea mtu, unampelekea jani la mmea huo. Akilishika amekusamehe, na kwa desturi hawezi kulikataa. Sasa, mwaka mmoja wakati wa masika, kaka mtu alidai mdogo wake amemega kihamba chake. Hakungoja wazee. Aling'oa safu nzima ya masale, akaikata na migomba iliyokuwa karibu, akarundika kila kitu njiani.

Wazee wakakaa, wakapima, na kaka akaonekana ndiye aliyekosea. Mpaka ukarudishwa mahali pake. Migomba ikalipwa. Matusi aliyoyatoa akayafuta mbele ya watu. Kisha akachuma jani la sale, akampelekea mdogo wake, na mdomo wake mnaujua, alisema maneno mpaka wazee wakatoa vitambaa mfukoni. Mdogo mtu akalipokea lile jani bila kusema lolote. Mbuzi akachinjwa, watu wakala, wakasema yameisha.

Lakini tangu siku hiyo mdogo hakukanyaga tena uani kwa kaka yake. Wakikutana ni salamu za barabarani. Na mke wa yule mdogo hakuonja nyama ya mbuzi yule; aliketi jikoni mpaka watu wakatawanyika. Kaka akapata jibu lake hapo. "Mimi na ndugu yangu tulishapatana kwa sale," akawa anasema. "Anayemchochea ni yule mwanamke." Akalisema kwenye ukoo, kwa mdomo ule ule. Taratibu akina mama wakaacha kumwita shemeji huyo kwenye mapishi. Kukiwa na shughuli, wenzake wanapita mlangoni pake na sufuria kichwani, yeye anawasikia wanavyocheka mpaka wanapotelea kwenye migomba. Hakuna hata mmoja katika ukoo mzima aliyeuliza, mbona huyu amesimama imara?

Sasa ndoa imekaribia, na Mkunde anamtaka baba yake mdogo. Huyo ndiye aliyembeba begani alipokuwa mtoto. Ni nani mwingine asimame mahali pake siku ya kumuaga?

"Atakuja," baba akamwambia. "Hatuna neno na yeye."

Binti akasema, "Baba, kama hamna neno, mbona hajui ninaolewa na nani?"

 Baba alikuwa ameshika shavu. Maumivu yalikuwa yamerudi, tena pale pale, na jirani hayupo.

Mke wake akampeleka mjini kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole asiyeharakishwa. Akampiga picha, halafu akachukua kijiti cha kile kioo chao kidogo, akaanza kuyagonga meno moja baada ya jingine. Anagonga, anauliza, "Hapa?" Hapana. Anagonga, "Hapa?" Hapana. Alipoigonga ile dhahabu, yule baba nusura aruke kutoka kwenye kiti.

"Ni hili, mzee wangu."

"Daktari, hilo lilishauawa."

"Halikufa," akasema yule mama. "Lilifungiwa." Akamwonyesha picha. "Aliyekutibu alisafisha mizizi yako mitatu, na aliisafisha vizuri, simlaumu. Lakini humu kuna kijia cha nne, chembamba sana, kimejificha nyuma ya chenzake. Hicho hakukifikia. Akaziba na kuweka kofia juu yake. Uchafu umekaa humo miaka yote hii na sasa umefika kwenye mfupa."

Baba akauliza kwa sauti ndogo, "Na lile nililong'oa?"

"Lile halikuwa na kosa lolote."

"Litaota?"

"Hapana, mzee. Hilo haliwezi kuota tena." Kisha akamwambia, "Naweza kukupa dawa utulie mpaka sherehe ya binti yako ipite. Au nifungue upya. Kufungua kuna taabu, na kofia yako itabidi niiharibu."

Yule baba akaigusa kofia yake kwa ulimi. Halafu akasema, "Fungua."

Alichomwa sindano ya ganzi, dhahabu ikakatwa, jino likafunguliwa, na kile kijia kikatafutwa mpaka kikapatikana. Jioni aliposhuka njia panda, kulia ni kwake, kushoto ni kwa mdogo wake. Lile neno la daktari, "Halikufa, lilifungiwa," lilikuwa halijamtoka kichwani. Akaenda kushoto.

Njiani alikuwa anapanga maneno. Mnamjua, si mtu wa kufika mahali mikono mitupu. Shemeji yake ndiye aliyemwona kwanza, akamwekea kigoda. Mdogo wake akatoka ndani. Kaka akafungua mdomo ule wa posa na misiba, na ganzi ilikuwa bado haijaisha. Mdomo ukaning'inia upande. Maneno yakatoka kama uji. Mate yakamchuruzika kidevuni. Mdogo wake akamtazama, akacheka kidogo, akamtupia kitambaa. 

Na kwa kuwa mwenye maneno siku hiyo hakuwa nayo, yule asiye na maneno akasema, mara ya kwanza tangu ugomvi ule.

"Kaka, mpaka mlinirudishia wote. Migomba ulilipa. Matusi nilishayasahau." Akaonyesha kwa kidole upande wa mto. "Lakini katika ile safu ya masale uliyong'oa, mche wa mwisho kule chini karibu na mto haukuwa wa mpaka. Pale tulimzika mtoto wetu yule aliyezaliwa bila kulia. Akina mama walimzika kimya kimya, kama ilivyo desturi, hamkuambiwa. Mche ule aliupanda mama yake, akawa anaumwagilia kiangazi chote. Ndiyo maana majani yake yalikuwa mapana kuliko ya mingine."

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni, ameufunika mdomo kwa pindo la kanga.

"Na jani uliloniletea mbele ya wazee," mdogo akaendelea, "ulilichuma kwenye lile rundo. Ulichagua jani pana kuliko yote. Nililitambua, kaka. Lakini sale halikataliwi. Nikalipokea."

Wapendwa, mtu huyu aliyezungumza kwenye kila kaburi la ukoo wake hakuwa na neno. Alishuka kwenye kigoda akaketi chini, kwenye vumbi, akamgeukia shemeji yake. Alichosema hakuna aliyekisikia vizuri, ulimi ulikuwa bado mzito. Mama yule alielewa. Kesho yake walishuka watatu mpaka karibu na mto. Shemeji akaonyesha mahali kwa mguu, kaka akachimba shimo, mche mwingine ukapandwa. Na siku ya kumuaga Mkunde, baba yake mdogo alisimama mahali pake, na mke wake akaketi pembeni yake.

Ningependa kuwaambia kwamba yote yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Siku ile ile ya sherehe kaka alimwona shemeji yake anasita mlangoni pa jiko, hajui kama aingie kwa akina mama au abaki nje. Miaka ilikuwa imepita bila kuitwa. Alipoona hivyo, ulimi wake ukaenda wenyewe kwenye pengo, pale lilipokuwa jino lisilo na kosa. Mpaka leo ulimi wake unakwenda pale.

Sasa turudi kwetu, mimi na ninyi. Sisi tunapenda sana neno "yalishaisha." Tumekaa vikao, tumekula mbuzi, tumepeana mikono hapa hapa madhabahuni mchungaji akishuhudia, na juu yake tumeweka dhahabu ya maneno mazuri. Halafu maumivu yanarudi, na kwa kuwa tuna hakika lile lilishauawa, tunatafuta jirani wa kung'oa. Ni mkwe. Ni mama mdogo. Ni yule mtoto mkubwa mwenye kiburi. Nani kati yetu leo ameketi na pengo alilolisababisha mwenyewe, na bado anaumwa?

Sisemi kupatana kwetu kulikuwa kwa uongo. Mizizi mitatu ilisafishwa kweli. Lakini sisi tuliokosa ndio tuliozungumza, na tuliyemkosea tulimpa jani ashike. Hatukumwuliza ni nini hasa kilichomuuma. Tuliziba kabla hajasema. Je, unadhani Bwana anaridhika na kofia?

Nami nawaambia kwa uhakika wote, linafunguka. Hata kama ni la miaka mingi, hata kama kofia yake ni ya thamani, linafunguka na linapona. Ila safari hii nenda ukiwa na ganzi mdomoni. Nenda ukae chini, unyamaze, mwenzako aseme mpaka amalize.

Kabla hatujaimba, kila mmoja afumbe macho. Sitauliza nani amesamehe nani, mtanijibu vizuri sana. Nataka utaje moyoni jina moja la mtu ambaye mlishapatana naye. Litaje polepole, kama daktari anavyogonga.

Limeuma?

Basi ni hilo.