Mivule ya Bibi Sikudhani

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni, basi. Nililopewa na bibi yangu ndilo ninalowapa.

Hapo zamani za kale, wakati ukungu ulipokuwa ukilala kijijini hadi jua lipande, palikuwa na mivule saba kando ya chemchemi. Mirefu, mirefu, mirefu! Upepo ukivuma, majani husema shwaa, shwaa, na mpita njia husahau alikokuwa akienda.

Hapo kijijini aliishi Bibi Sikudhani, mkunga. Mikono yake ilimpokea kila mtu, hata Jumbe Mwinchande, mtawala wao.

Siku moja Jumbe alitaka mlango mpya. Mafundi wakaenda chemchemini. Ko! Ko! Ko! Mvule mmoja ukalala chini. Mlango ukatoka mzuri mno, na kila mzee wa baraza akatamani wake.

Bibi Sikudhani akajitanda kaniki, akaenda barazani.

"Jumbe, naomba amri. Mivule isikatwe."

"Ile ni miti ya porini, bibi. Baraza halisikilizi shauri lisilo na mwenyewe."

Akarudi nyumbani. Kesho yake akaja tena. Jibu lile lile. Kesho kutwa akaja tena. Jibu lile lile.

Siku ya nne wazee walipomwona tu, wakaangua kicheko. Hakukasirika.

"Wenyewe nimewapata," akasema. "Nifuateni."

Wakamfuata ndani ya ukungu, kama watu watembeao usingizini. Shwaa, shwaa. Akaugusa mvule wa kwanza.

"Mzee Ngwali, kitovu chako nilikizika hapa."

Akaugusa wa pili.

"Mzee Hatibu, chako kiko hapa, pamoja na cha pacha wako, Mungu amrehemu."

Mzee Hatibu akapiga magoti, akaliegemeza shavu lake kwenye gome. Akaenda Bibi, akataja, akataja, hadi mvule wa sita.

"Na mimi?" akauliza Jumbe. "Changu kiko wapi?"

Bibi Sikudhani akageuka. Akakitazama kisiki.

Jumbe akaketi chini, kiganja juu ya kisiki, hadi ukungu ukaisha.

Alasiri ile mbiu ikalia, buuu! buuu! "Mivule ya chemchemi ina wenyewe! Atakayeiinulia shoka atashtakiwa barazani, hata akiwa Jumbe!"

Na haikukatwa tena, hata Bibi Sikudhani alipokwisha kuzikwa.

Basi, wanangu, kisicho na kinywa kisemeeni. Wakiwacheka, rudini tena.

Hadithi yangu imetua hapo.